Baba alikuja Bariadi kunirudisha kwenye ng'ombe, nikamchomea jogoo aliyemleta mwenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko. Naandika kilichotokea kama kilivyotokea, sina sababu ya kuongeza chumvi maana aliyeaibika ni mimi.

Nachoma kuku hapa Bariadi mjini. Nina jiko moja la pipa, meza mbili na mwavuli. Kinachonibeba ni sosi ninayotengeneza mwenyewe: nyanya, kitunguu swaumu, tangawizi, ukwaju na asali. Wateja wanaita barbecue, mimi naita sosi tu.

Kwetu ni Bukundi, kule Meatu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume na mzee ana ng'ombe. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na siku hizi magoti ya mzee hayataki tena kutembea na mifugo. Kila akipiga simu swali ni moja, narudi lini.

Mwezi uliopita hakupiga. Alikuja mwenyewe, na jogoo mkubwa kamfunga miguu. Akakaa, akaangalia jiko, akaangalia aproni yangu.

"Nimekuja tuondoke wote. Mwanaume gani anashinda jikoni?"

"Baba, kula kwanza, halafu tutaongea."

Nilijiamini. Niliona akishaonja mkono wangu, habari ya kurudi itaisha yenyewe.

Nikamchinja yule jogoo, nikampasua, nikampaka sosi, nikamweka kwenye mkaa kama ninavyofanya kila siku.

Wanaofuga wameshajua ninapoelekea. Mimi nimezoea broila, nusu saa ameiva. Huyu alikuwa amewika miaka. Asali ikaungua, nje akawa mweusi, ndani mgumu kama tairi.

Mzee akang'ata. Akatafuna. Akaendelea kutafuna mpaka wateja wa meza ya pili wakaanza kumwangalia. Mwisho akaitoa ile nyama, akaiweka taratibu pembeni ya sahani.

"Hukumchemsha," akasema.

Wakuu, sikuwa najua kama huwa anachemshwa. Cheka tu, una haki. Nyumbani sisi wavulana tulikuwa tunatoka na ng'ombe asubuhi, jioni tunakuta nyama laini kwenye bakuli. Jikoni hatukanyagi. Kumbe jogoo alikuwa anashinda motoni mchana kutwa na mama pembeni yake.

Nilinyong'onyea. Nikaanza kuwaza jiko nitamwachia nani.

Mzee akavuta bakuli la sosi, akachovya tonge la ugali. Akachovya jingine.

"Mama yako alipoondoka, na mimi jogoo wa kwanza nilimchoma hivi hivi. Nikala ugali na chumvi. Siku hizi namchemsha mpaka kisu kinaingia chenyewe."

Miaka mitatu tunaongea ng'ombe kwenye simu. Sikuwahi kuuliza nani anampikia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ugali akaumaliza. Sosi ya kwenye bakuli pia.

Asubuhi nikamsindikiza stendi, nimejiandaa kubishana. Yeye hakuwa na ubishi wowote.

"Ng'ombe nitamkabidhi mume wa dada yako, ameshakubali," akasema. "Wewe nielekeze hiyo sosi unaifanyaje. Na iliyobaki nitilie kwenye chupa."

Nikarudi mbio kwenye jiko, nikamtilia lita nzima, na maelekezo nikampa. Akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja", akapanda gari.

Nilichojifunza: jogoo wa kienyeji mchemshe kwanza, na sosi yenye asali ipake dakika za mwisho, jogoo akishaiva. Jingine ni kwamba ukipiga simu nyumbani, kabla ya mifugo na mvua, uliza wamekula nini na nani kapika.

Jana nimeuliza. Mzee kajibu amepika mwenyewe, sosi ametengeneza mwenyewe, na kwamba ile yangu nilizidisha ukwaju.

Sasa wenye uzoefu naombeni msaada: kwa lita moja ya sosi mnaweka ukwaju kiasi gani? Anasubiri jibu.