Head Iliyofungwa Bila Kupimwa

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nilikuwa kijana wa gereji hapa Malaba, nikijiona fundi kamili kwa sababu tu watu walikuwa wameanza kuniita boss.

Mzee Ekisa, aliyenifundisha kazi, alikuwa amevuka upande wa Uganda kutafuta spea. Akaja Wandera wa Matayos na pikapu yake. Inachemsha maji, inatoa moshi mweupe, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya head, ile ya kuziba maji na oili visichanganyike, imeungua.

"Boss," akaniambia, "mke wangu amebakisha siku chache ajifungue, na mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa. Hii gari ndiyo itampeleka hospitali. Usinidanganye."

Nikafungua head, kile kifuniko cha juu cha injini, nikaikwangua ikang'aa. Hapo unatakiwa kulaza rula ya chuma juu yake na kuchungulia. Ukiona mwanga chini ya rula, head imepindwa na joto, lazima ikasawazishwe kwa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa Busia mjini. Mimi nilitaka Mzee Ekisa arudi akute gari inanguruma! Nikapaka gasketi mpya silikoni, ile gundi ya kuzibia, nikakaza bolti, nikamwambia Wandera, "Itafika tu."

Mjinga mimi. Siku tatu baadaye ikawazimikia njiani, uchungu umeshaanza. Lori la mchanga ndilo lililowabeba. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Wandera hakunipiga, na ningeshukuru angenipiga. Mzee Ekisa aliivuta ile pikapu mpaka gereji, akanifungulisha head mbele ya watu wote, akalaza rula. "Chungulia." Mwanga ulipita wazi kabisa.

"Hukujua inapimwa?"

"Nilijua, mzee."

"Basi usiniambie kosa ni la gasketi." Akanirudisha kuosha spea mwaka mzima.

Sasa wewe, jana unafunga head ya gari ya watu, nakuuliza rula iko wapi, unanicheka! Ati, "Mzee, hizo ni mambo za kitambo, silikoni inashika." Shika adabu kwanza! Chuma kinapinda leo vile vile kilivyopinda wakati huo. Toa hiyo head, uipime. Ikiwa imepinda, ipeleke kwa mashine. Bolti uanze katikati ukienda nje, kidogo kidogo, si kukaza moja mpaka mwisho kama mtu anafunga debe. Na mwenye gari akikuharakisha, mwambie bado. Akutukane, aende kwa fundi mwingine, mwambie bado. Matusi utayasahau. Mimi mtoto wa Wandera sijamsahau, na hata jina hakupewa.

Mungu abariki hiyo mikono yako, mwanangu, na asikuonyeshe nilichokiona mimi. Haya, mbona bado umesimama hapa? Chukua spana.