Vidonge vya Hedley Pardy

Hedley Pardy hakuwahi kula kitu peke yake tangu azaliwe. Gannet Cove, huko Newfoundland, ni nyumba ishirini na tatu zilizong'ang'ania mwamba, na mtu akivua chewa wawili, mmoja si wake. Akiangusha mnyama porini, paja liko kwa jirani kabla damu haijakauka. Kwa hiyo mkewe Melvina, aliyeishi naye miaka arobaini na sita, alipaswa kulijua jambo hili mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Moyo wa Hedley ulianza kuchoka mwezi wa Aprili. Miguu ilivimba hadi viatu vya mpira vikakataa kuingia, na akawa analala ameketi kitini, maana akijinyoosha kitandani pumzi zinamkatika. Dk. Nandakumar, wa zahanati ya ng'ambo ya ghuba, alimpiga picha ya moyo akawaonyesha kwenye kioo namna ulivyokuwa ukijikokota.

"Moyo mzima, kila ukipiga, unasukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyojaa ndani," alisema. "Wako unasukuma asilimia ishirini na mbili."

"Na iliyobaki?" Hedley akauliza.

"Inasongamana. Ndiyo maana maji yanajaa mapafuni na miguuni."

"Kumbe mimi ni boti bovu tu."

Aliandikiwa vidonge vya aina nne, vya asubuhi na vya jioni. Vingine vya kumkojoza, vingine vya kuutuliza moyo na kuupunguzia mzigo. Daktari alieleza kwamba kazi ya vidonge hivyo si kutoa uvimbe tu. Moyo uliotanuka, ukipewa dawa hizi kila siku bila kukosa, unaweza kunywea taratibu na kurudisha nguvu. Ameona mioyo ya ishirini ikifika arobaini kwa miezi sita. Namba isipopanda, kwa umri wa Hedley na figo zake zilivyo, hakukuwa na kingine kikubwa cha kumpa.

Melvina alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Aliifukuza nyumbani ndoo ya nyama ya chumvi, akaanza kupika kabichi lisilo na ladha ya dunia hii. Kila asubuhi alimpandisha mzee wake kwenye mizani na kuandika kilo kwenye kalenda. Kisanduku cha vidonge vya wiki alikijaza mwenyewe. Vya asubuhi Hedley alivitia kinywani mbele yake. Vya jioni alivitia mfukoni, akavinywe kwa kaka yake Alonzo, ambako alikwenda kunywa chai saa kumi kila siku ya Mungu tangu baba yao alipokuwa hai.

Alonzo, ambaye kila mtu anamwita Lon, alimzidi Hedley miaka miwili, na mwaka huo alikuwa akihema hata akifunga vifungo vya shati. Hospitali hakanyagi. Mkewe aliingia huko na maumivu ya tumbo, akarudishwa ndani ya sanduku.

"Shemeji, kamwone daktari," Melvina alimwambia zaidi ya mara moja.

"Hiki kikohozi tu, Mel. Wale watu ukiwapelekea kikohozi wanakurudishia kansa."

Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo tunavyosema. Lakini kilio kikibisha hodi, si lazima kiingie nyumba ya aliyeficha.

Julai picha ilirudiwa. Ishirini na tatu. Daktari akaongeza dozi. Oktoba ikarudiwa tena: kumi na tisa. Dk. Nandakumar aliiweka karatasi hiyo kando ya ile ya Julai.

"Vidonge anavinywa kweli?"

"Ninavipanga mimi kwa mikono yangu," Melvina akajibu, na aliona ametukanwa.

"Basi kuna mioyo isiyoitikia dawa," daktari akasema kwa upole. "Pole, mama."

Kwenye kivuko cha kurudi Melvina alilia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipomzika mama yake. Hedley alimpigapiga goti. "Nyamaza, mpenzi. Moyo wala hauniumi," alisema. Alikuwa akiutazama ukingo wa ghuba, hakumtazama mkewe.

Wiki hiyohiyo Melvina alimkuta Lon akishuka mlimani na gogo begani. Gogo zima, na mtu wa miaka sabini na nne, anapiga mluzi.

"Shemeji, kikohozi kimekwenda wapi?"

"Vidonge vya Hed, bwana. Vile vya ziada." Alisema bila kificho, kama mtu anayetaja samaki aliopewa.

"Vya ziada vipi?"

"Si daktari anampa vingi kupita anavyohitaji? Mwenyewe kaniambia. Ananiletea vya jioni tangu Mei, na siku hizi hata vya asubuhi. Vya asubuhi vinafika vimelowa kidogo. Sikuuliza."

Melvina alimwacha na gogo lake begani. Alirudi nyumbani akiwa ameshika ukuta wa kila nyumba aliyoipita. Hedley alikuwa kitini, miguu juu ya ndoo.

"Hed, umefanya nini?"

Hakujisumbua kukana. "Alikuwa anakufa, Mel. Hospitali hataki. Mimi nilikuwa navyo vingi."

"Vilikuwa vya kwako."

"Nilidhani mtu anaweza kugawa nusu na bado akapona. Kisha nikaona vinamfaa kuliko mimi, nikaona haya kumkatia katikati."

Kutoa ni moyo, wahenga walisema, na sina ugomvi nao. Ila hawakuwahi kumwona mjinga huyu, na mimi nikimfikiria hasira inanipanda hata kabla ya machozi.

Kesho yake Melvina alimvusha Lon ghuba. Lon hakubisha, maana sasa alikuwa ameambiwa kwamba vidonge vile havikuwa vya ziada. Alilala juu ya kitanda cha kupimia amefumba macho kwa hofu. Daktari alisema moyo ule ulionyesha dalili zote za kutanuka zamani kisha ukapata nafuu. Arobaini na mbili. Akamwandikia dawa zake mwenyewe, kwa jina lake.

"Na mume wangu?" Melvina akauliza. "Tukianza upya leo?"

"Tutaanza. Lakini presha yake sasa iko chini mno, na figo zimedhoofika. Akinywa dozi kamili ataanguka. Robo kidonge, labda." Daktari alivua miwani. "Aprili angeziweza zote."

Jioni ile Melvina alimweleza Hedley namba ya kaka yake. Alitaka imuume. Alitaka amwone akijuta japo mara moja.

"Arobaini na mbili?" Hedley akauliza.

"Arobaini na mbili."

Uso wake ukafunguka, na kwa muda akafanana na yule kijana aliyemwoa. "Basi dawa inafanya kazi," alisema.

Melvina alimpa robo yake ya kidonge, akasimama hapo mpaka alipoimeza. Sasa hakuna aliyezitaka tena dawa zake, na mwili wake haukuziweza.

Tangu hapo Lon huja kila asubuhi kuwapasulia kuni za majira ya baridi. Haingii ndani, wala hamtazami Melvina usoni, naye Melvina hajui amchukie vipi. Jana Hedley aliomba kiti chake kisogezwe dirishani. Shoka lilikuwa likipiga bila kupumzika.

"Msikilize, Mel," alisema, akivuta pumzi katikati ya kila neno. "Hata hahemi."