Katuni za Vumbi la Malaba

Kidole kikavu kikiburuzwa kwenye bati lenye vumbi hutoa sauti nyembamba ya kukereketa meno. Wengi wenu mtaipita bila kuisikia. Mimi nikiisikia, hata kama ni mtoto wa jirani anayeandika matusi kwenye gari la watu aina ya probox, hujikuta nimesimama tena nyuma ya trela pale Malaba mpakani, nina miaka tisa, birika la chai mkononi, nasubiri kaka yangu amalize kuchora pua ya mtu.

Mniwie radhi nianze na lawama, maana mimi ni msomaji mwenye kinyongo. Nasoma hadithi za kutisha, za upelelezi, za majini wa mjini na za sayari zisizo na maji, na katuni nyingi kuliko inavyomfaa mama wa watoto watatu. Vijana wa ofisini kwetu, tunakoshughulikia karatasi za mizigo ya mpakani, hunicheka. "Mama mzima na katuni kwa simu!" Wacheke tu. Mimi nasema katuni za siku hizi zimenenepa macho na kukonda roho. Rangi zinang'aa, magorofa yanaelea hewani, lakini hakuna anayekufa. Shujaa anachomwa mkuki, unalia machozi ya kweli, na toleo linalofuata huyu hapa anatabasamu, eti aliyekufa alikuwa pacha wake. Hizo za kutisha nazo zimejazwa damu mpaka hofu imekosa pa kukaa. Hofu haihitaji damu nyingi hivyo, na aliyenifundisha ni Omoding.

Omoding ndiye aliyekuwa kaka yangu, wa pekee. Baba yetu, mtu wa kabila la Wateso kutoka Amagoro, alifariki nikiwa bado mgongoni, na mama, aliyeolewa kutoka Funyula, alitulea kwa chai na chapati alizowauzia madereva. Enzi hizo foleni ya malori ya kuingia Uganda ilianzia geti la mpaka, ikapita sokoni, ikaenda zake hadi Amagoro. Dereva angekaa humo mpaka ndevu zimwote. Omoding alikuwa ameacha shule, na kazi yake ilikuwa kubeba jiko na unga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama kando ya kichwa kama vipini vya sufuria. Mama alisema Mungu alimpa masikio ya watu wawili na utiifu wa nusu mtu.

Chapati zikishaiva, alipotea. Ungemkuta nyuma ya matrela, anachora kwa kidole kwenye vumbi la milango, picha moja kwa kila lori. Hadithi yake ilikuwa ya mwendesha baiskeli, bodaboda wa zile za kiti chenye sponji nyuma, aliyewabeba watu waliofia upande usio wao wa mpaka na kuwavusha daraja ili wafike nyumbani kwao. Abiria hakujua kwamba amekufa. Mwendeshaji alijua, lakini hakuweza kumwambia, kwa hiyo alikanyaga pedali tu na kutazama mbele. Hapakuwa na damu hata tone. Leo alimbeba bibi harusi, kesho mwanajeshi, keshokutwa mzee mwenye kuku kwapani, na wote walishika kiti kwa mikono ambayo sijaiona tena kwenye katuni yoyote. Omoding aliweza mikono. Ungetazama vidole peke yake ukajua huyu alikuwa mshonaji, yule aliogopa maji.

Tuliisoma hadithi tukitembea, lori hadi lori, na shida yake ni kwamba foleni ilisonga. Mwanzo ulivuka mpaka kabla mwisho haujachorwa. Madereva walishuka na vikombe vyao kumsaka mchoraji.

"Wee kijana, huyu bibi arusi alifika ama hakufika?"

"Alivuka jana na lori ya simiti, mzee. Mtafute Kampala."

Walicheka, wakamsifu, wakamwita bosi. Mama alisikia yote akiwa jikoni na kunung'unika kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini nilimwona mara nyingi akienda kumwaga maji machafu mbali kuliko ilivyohitajika, ili apite nyuma ya malori na kutazama. Kuna madereva waliochukua kitambaa wakafuta kila kitu, na Omoding hakukasirika. Alisema mvua ingefuta hata hivyo.

Aliyempenda kuliko wote ni Mzee Sudi, dereva Mwislamu wa Busia mjini, mtu wa tasbihi na mizaha. Ndiye aliyeleta habari kwamba kule Juba kuna fundi wa kuandika mabango na kupamba magari, anatafuta kijana mwenye mkono mzuri. Angemchukua Omoding kama tanboi wake, msaidizi wa lori, hadi huko. Mama alikataa. Mzee Sudi akanywa chai ya pili na kusema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mama alikataa tena, na Jumapili baada ya kanisa akamfulia Omoding shati zake zote, ndipo tukajua amekubali.

Asubuhi ya safari Omoding alichuchumaa mbele yangu. "Lori zikirudi huwa zinasimama hapa kwa chai," alisema. "We angalia nyuma. Nitakuwa nakuchorea huko."

Na alichora, kwenye malori waliyokutana nayo vituoni njiani. Malori yaliporudi yalikuwa na vumbi jekundu la mbali, na kwenye vumbi hilo baiskeli yetu iliendelea na safari. Nilitoka shule mbio, begi likinipiga mgongoni, nikazunguka nyuma ya kila lori lililosimama kwa mama. Zilikuwa picha chache lakini nzuri, za abiria wapya, mwanamke mwenye debe, mvuvi mwenye nyavu. Kisha zikakoma.

Siku moja ambayo hatukuwa na shule Mzee Sudi alikuja kwa miguu, bila lori na bila mzaha. Alisimama karibu na jiko, kofia mkononi, akazungumza na mama kwa sauti ya chini. Mama hakuinua uso. Alikuwa anasukuma chapati, akaendelea kuisukuma mpaka ikawa nyembamba, ikapita ukingo wa kibao na kuchanika. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Nilidhani wanaongea habari za fundi wa Juba, na nilifurahi kwamba labda kaka yangu ameshapata kazi.

Juma lililofuata picha zilirudi. Nilipiga kelele mpaka tanboi wakageuka. Lakini hadithi ilikuwa imebadilika. Abiria sasa alikuwa mmoja tu, na hakushuka: kijana mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Nilicheka nikashika tumbo. Omoding amejichora mwenyewe! Baiskeli ilipita vilima, ikapita mto, kila siku ikikaribia kwetu, naye amekaa nyuma na masikio yake. Kitu kimoja tu kilinikera, na kwa kuwa hata wakati huo nilikuwa msomaji mwenye mdomo, nilikisema.

"Mama, Omoding siku hizi anachora mikono mbaya. Iko kama uma."

"Labda amechoka," mama alisema.

Tanboi wawili waliokuwa kwenye benchi wakatazama ndani ya vikombe vyao.

Picha ya mwisho niliikuta nyuma ya lori tupu la mafuta. Ilikuwa nyumba yetu, na mlango wetu wenye ubao mmoja uliovunjika. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Nilitafuta kwenye lori lililofuata, na lililofuata, nione abiria akiingia ndani, akikumbatiwa, akipewa chai. Hapakuwa na kitu. Nilirudi nimenuna.

"Ameharibu hadithi," nilimwambia mama. "Abiria hajashuka, hajasema kitu. Imeisha vibaya."

"Ndiyo," mama akasema. "Imeisha vibaya." Kisha akanituma maji.

Nilingoja toleo linalofuata hadi nikaingia sekondari. Mjomba mmoja, akidhani najua, ndiye aliyetaja mezani kwamba lori la Mzee Sudi lilipinduka kabla ya kufika Juba, na kwamba Omoding alizikwa kandokando ya barabara mahali ambapo hata Mzee Sudi mwenyewe hakuweza kupakumbuka vizuri. Nilihesabu nyuma nikaona kwamba mama alikuwa amejua tangu siku ile ya chapati. Hatukukaa matanga. Hatukunyoa. Hapakuwa hata na mgomba wa kuzika badala ya mwili, kama watu wa kwao mama wanavyofanya mtu akipotelea mbali. Sikumsamehe. Nilimpa heshima, nikamjengea jiko zuri, nikamlipia hospitali, na moyoni nilimhesabu kuwa mtu aliyeniacha nikicheka juu ya maiti.

Mwaka jana, mama akiwa ameshafariki, nilikuwa nafuata katuni moja ya upelelezi kwenye simu. Jina la mchoraji lilikuwa lilelile juu ya ukurasa, lakini nilipofika kwenye picha ambayo mpelelezi anashika kikombe, nilisema kwa sauti pale ofisini, "Huyu si yeye." Mikono haikuwa yake. Vijana wakaangua kicheko, kisha wakaniuliza kwa nini nimekaa chini.

Omoding alikuwa amelala chini ya udongo wa watu wakati picha zile za mwisho zinachorwa. Kidole kilikuwa cha mama, mwanamke aliyesoma hadi darasa la tatu na ambaye sikuwahi kumwona ameshika hata kalamu. Alipangusa unga mikononi kabla sijatoka shule, akaenda nyuma ya lori la mtu, akamchora mtoto wake kwenye kile kiti. Na kiti hicho, mimi niliyeijua hadithi kuliko mtoto yeyote wa Malaba, nilijua vizuri hubeba watu gani. Mdomo wake haukuweza kulisema jambo hilo, kwa hiyo alilipeleka mahali ambapo alijua nitasoma. Nikasoma kila siku, nikacheka masikio, nikalaumu mikono.

Baada ya maneno ya mjomba nilikuwa nimemuuliza mama kwa nini alinificha. Alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini akasema, "Sikukuficha, mwanangu." Nilidhani ni maneno ya mzazi aliyeshikwa hana pa kukimbilia. Sikumuuliza tena, naye hakurudia, na tuliishi hivyo hadi nilipomzika.