Mama Gramu na Ndege ya Betri

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke mmoja alisimama nyuma ya mizani katika kiwanja kidogo cha ndege, na kwa miaka yote hiyo hakumwachia abiria hata nusu kilo. Wabeba mizigo walimpa jina la Mama Gramu. Jina likamganda, hata mkuu wa kituo akasahau lile lililoandikwa kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kupima watu na mizigo yao, kujumlisha, kuandika kwenye karatasi ya uzito, kutia sahihi na kumpelekea rubani. Rubani hapimi mtu. Anaamini karatasi.

Watu hudanganya kuhusu uzito wao kuliko wanavyodanganya kuhusu umri. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa ambaye kila safari alivua viatu, mkanda na saa kabla ya kupanda mizani, kisha akavivaa vyote palepale mbele yake.

"Vaa kwanza, baba, ndipo upande," Mama Gramu alikuwa akimwambia. "Au viatu unaniachia mimi?"

Wengine walikuja na machozi. Huyu ana mgonjwa, yule kafiwa, mwingine mwanawe anaolewa kesho, na ndege imejaa. Aliwasikiliza wote kwa uso uleule na kuwapa jibu lilelile: "Pole sana, ila mizani haina masikio." Hakuwa na roho mbaya. Aliona tu kwamba akimsikiliza mmoja atalazimika kuwasikiliza wote, na huruma haijawahi kuinua ndege.

Mwaka jana ililetwa hapo ndege ya majaribio. Ilikuwa nyeupe, ya viti tisa vya abiria, na haikuwa na tangi la mafuta. Tumboni ilibeba betri, na mapanga yake yalizungushwa kwa umeme, bila moshi. Walioileta walitaka kuonyesha kwamba safari fupi za mikoani, kutoka mji hadi mji, zinaweza kufanywa bila kuchoma mafuta. Mhandisi mkuu wao, mama mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi kula, alimweleza Mama Gramu jambo lililompendeza papo hapo. Ndege ya mafuta hupungua uzito kadiri inavyoruka, kwa sababu mafuta yanakwisha. Betri haipungui. Uzito inaopaa nao ndio inaotua nao, na kila kilo ya ziada inakula umeme njia nzima. Kwa hiyo kikomo cha abiria na mizigo yao kilikuwa kilo mia saba na ishirini, na hakikuwa na mjadala.

"Basi mimi na hii ndege tutaelewana," Mama Gramu akasema.

Kwa wiki tatu haikupakia watu. Mifuko ya mchanga ilifungwa mikanda vitini, na Mama Gramu aliipima mmoja baada ya mwingine. Wabeba mizigo waliipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mheshimiwa," mmoja aliuambia mfuko wa kiti cha mbele. "Tulia, chai inakuja."

"Usimcheke," Mama Gramu akamwambia. "Huyo ndiye abiria wa kwanza asiyenidanganya."

Ilikuwa katika wiki hiyo ya tatu mdogo wake alipompigia simu. Alikaa na baba yao katika mji wa pili, uleule ambako ndege ya betri ilikuwa ikienda na kurudi.

"Dada, baba hali wala hanywi. Tangu jana anakutaja wewe tu."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari kasema tuitane."

Kuitana kulikuwa kugumu. Mvua ilikuwa imebeba daraja, na njia ya kuzunguka ilichukua siku mbili na nusu. Ndege ya zamani ilikuwa bandani, injini imefunguliwa, ikisubiri vipuri. Mhandisi alipopata habari hizo hakuzungusha maneno. "Jumamosi tunafanya safari ya maonyesho, ya kwanza kuruhusiwa kubeba watu. Wageni ni wanane, kiti cha tisa kiko wazi. Panda wewe."

Mama Gramu alipiga hesabu kabla ya kushukuru. Uzito ambao wageni walikuwa wameuandika na kuutuma mapema, pamoja na mabegi yao, ulikuwa kilo mia sita kamili. Yeye na begi lake ni sabini na nane. Nafasi ilibaki. Jioni hiyo alipanga nguo chache, na njiani kutoka kazini akanunua chupa ya dawa ya kuchua, maana miguu ya baba ilikuwa ikimsumbua wakati wa baridi.

Jumamosi asubuhi wageni walifika: wawili wa serikali, mwandishi wa habari, mama wa benki, mzee wa bima na wenzao. Walikuwa wachangamfu, wakipigana picha. Mama Gramu akawapandisha kwenye mizani mmoja mmoja. Aliyeandika sitini na nane alikuwa themanini na tisa. Aliyesema hana begi alikuwa na mawili. Alipojumlisha alipata mia sita themanini na nne. Akajiongeza yeye, ikawa mia saba sitini na mbili. Akajumlisha upya kutoka chini kwenda juu. Zilikuwa kilo arobaini na mbili zaidi ya kikomo.

Mkuu wa kituo aliinama sikioni pake. "Mama, andika kilo zile walizotuma wenyewe. Nani atajua?"

"Rubani je?"

"Rubani atajua ulichomwandikia."

"Ndiyo maana," akasema.

Wageni waliombwa waache mabegi. Walicheka, wakaacha matatu, kilo kumi na tano. Mama Gramu akaweka chini la kwake, kilo sita. Zikabaki ishirini na moja. Mkuu wa kituo akakohoa, akatangaza kwamba uzito umezidi kidogo, kama kuna anayeweza kusubiri safari nyingine wangeshukuru. Hakusema ni nani anayehitaji nafasi wala kwa nini. Mwandishi akatazama simu yake. Mama wa benki akarekebisha miwani. Kila mmoja alisubiri mwenzake.

Mkuu wa kituo akamgeukia Mama Gramu, kama kumwambia sasa sema wewe. Ilihitaji maneno machache tu: baba yangu anakufa huko mnakokwenda, nani atanipisha? Akafungua mdomo. Nyuso alizoziona hazikuwa za wageni wale. Aliona foleni ya miaka ishirini na sita, wenye wagonjwa na wafiwa, kila mmoja na maneno hayohayo, na jibu alilowapa. Angewezaje kuomba alichowanyima? Mdomo ukajifunga. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya mstari wake mwenyewe, akaandika mia sita sitini na tisa, akatia sahihi na kumpelekea rubani.

Alifanya haki, na hilo lisemwe kabla ya mengine. Watu wanane na marubani wawili waliruka kwa karatasi ya kweli, na wengi wetu tungeandika ile nyingine tukajisamehe njiani. Kosa lake halikuwa kwenye karatasi. Alidhani kuomba ni sawa na kudanganya, kwamba anayeeleza shida yake tayari anataka kupendelewa. Uadilifu wa namna hiyo una kiburi ndani yake, na kiburi hutoza bei kali.

Ndege iliondoka kwa mvumo mdogo. Alimwandikia mdogo wake ujumbe: "Sikupata nafasi. Mwambie baba nakuja."

Saa tisa mchana simu ikaita. Baba alikuwa amefariki.

Saa kumi wageni walirudi, furaha imewajaa. Mzee wa bima alimkuta ameketi kwenye kiti nyuma ya mizani, mkuu wa kituo akamnong'oneza yaliyotokea. Mzee alivua kofia.

"Mbona hukusema, mama? Mimi nilikuja kutembea tu. Ningekupisha."



Kesho yake majaribio ya mchanga yaliendelea, na mhandisi alishusha mfuko mmoja na kumfunga yeye mkanda mahali pake. Safari ilichukua dakika arobaini. Ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba Mama Gramu alilazimika kulia polepole. Akawahi mazishi.

Baada ya watu kutawanyika, yeye na mdogo wake waliingia chumbani kwa baba kupanga nguo zake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa, kinatazama mlango.

"Ujumbe wako niliusoma," mdogo wake akasema. "Nikamwambia umeshapanda."

"Akasemaje?"

"Akataka tumkalishe, tumgeuze huku. Nikamwambia shemeji yako awashe pikipiki aende kiwanjani, kama anayekwenda kukupokea. Nilijua hupo, dada. Nilitaka baba aisikie ikiondoka. Akaisikia ikirudi pia. Akaniuliza, ndiye? Nikasema ndiye. Hakungoja mlango ufunguliwe."

Mama Gramu alishika ukingo wa kitanda.

"Hao wageni," mdogo wake akauliza, "uliwaambia baba ni mgonjwa?"

"Sikuwaambia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mdogo wake akaendelea kukunja mashati ya baba yao. Mama Gramu alitaka kumsaidia. Kila shati aliloligusa, mdogo wake alilivuta taratibu kutoka mikononi mwake, akalikunja mwenyewe.