Fundi wa Chanika arudi darasani kuingojea Kipanga mpya

Tak, tak, tak. Mlio unatokea nyuma ya nyumba za Chanika, mjini Handeni, saa moja na nusu asubuhi. Pikipiki yenyewe haijaonekana. Kibwana Mdoe anaweka chini kikombe cha chai.

"Hiyo ni Kipanga," anasema. "Valvu ya kutolea moshi imelegea. Na anatoka mbali huyo, injini imechemka."

Inapokata kona ni Kipanga kweli, nyekundu, imejaa vumbi la Mazingara. Dereva wake, Muhsin, anaanza kulalamika kabla hajashuka vizuri.

"Shikamoo, fundi. Inagonga tangu jana."

"Marahaba. Inagonga tangu wiki iliyopita, wewe ndiye umeisikia jana. Hizo spika ulizofunga zimekuziba masikio."

Vijana kwenye benchi wanacheka. Injini inaachwa ipoe, valvu inarekebishwa, na kabla ya saa nne Muhsin yuko barabarani tena.

Kibwana ana miaka 46, na kumi na minane kati ya hiyo ameimalizia chini ya mabati haya manne ya karakana yake. Ni mtoto wa mkulima wa mahindi, na aliishia darasa la saba. Cheti hana. Lakini muulize bodaboda yeyote wa Handeni ni nani anayetambua ugonjwa wa pikipiki ikiwa bado iko mtaa wa pili, utaelekezwa hapa.

Kipanga si jina lililoandikwa kwenye tangi. Vijana ndio walioipa pikipiki hii ya kimichezo jina hilo, kwa taa yake iliyochongoka kama mdomo na mkia wake ulioinuka. Inapanda vilima na mzigo bila kuhema. Kati ya pikipiki kumi anazotengeneza Kibwana, sita ni Kipanga. Siku nzuri humwachia shilingi elfu thelathini, na kwa fedha hizo amesomesha watoto watatu.

Sasa kizazi kipya cha Kipanga kinakuja. Wauzaji wamesema itafika kabla ya mwisho wa mwaka, na picha zake zimejaa kwenye simu za vijana.

"Ile ikipita, hata ng'ombe wa Wamasai watageuza shingo," anasema Sabiri, bodaboda wa Chanika.

"Utaipata wapi wewe? Hata kofia ngumu umeazima," anamjibu mwenzake.

Kinachomsumbua Kibwana ni injini. Kipanga mpya haina kabureta. Petroli inarushwa na nozeli, kwa amri ya kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Na kompyuta hiyo imeshamtia aibu mara moja.

Miezi mitatu iliyopita, Fabiani, bodaboda wa Old Korogwe, alimletea moja ya Kipanga mpya chache zilizotangulia. Aliinunua kwa mtu aliyekuja nayo kutoka nje ya nchi. Ilikuwa inazima kwenye vilima.

"Niliisikia inakosa mafuta, na hapo sikukosea," anasimulia Kibwana. "Nikaitoa nozeli, nikaitazama, nikaona kumbe ni kama jeti tu."

Jeti, kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, ikiziba, fundi wa huku huchomoa uzi mmoja wa waya wa klachi, akaupitisha kwenye tundu, akapuliza, kazi imekwisha. Kibwana alifanya hivyo hivyo. Lakini matundu ya nozeli ni membamba kuliko unywele. Uzi uliyaharibu, na pikipiki haikuwaka tena.

Nozeli nyingine iliagizwa Dar es Salaam, kwa fedha za Kibwana. Fabiani alikaa siku kumi na tisa bila kazi. Mkewe, Joyceline, anayeuza nyanya katika soko la Manundu, alibeba matenga kichwani. Ugonjwa wenyewe uligundulika baadaye: soketi ya pampu ya mafuta ilikuwa imelegea. Ilihitaji kubanwa kwa vidole viwili.

Angeweza kusingizia petroli chafu. Nani angembishia? Kibwana alipanda pikipiki yake mpaka Old Korogwe, akasimama mlangoni kwa Fabiani na kusema, "Mimi ndiye niliyeiua."

"Nikamwambia, shemeji, masikio yako mazuri, lakini mikono imekimbia mbele," anakumbuka Joyceline, akicheka. "Siku ile sikucheka."

Habari zilisambaa. Bodaboda wakaanza kusema kwamba Kipanga mpya zikija watazipeleka Tanga mjini. Wakifanya hivyo, sita kati ya kila kumi zitaondoka chini ya mabati haya, moja moja, kadiri za zamani zinavyochakaa.

Matangazo ya Kipanga mpya yanaonyesha taa, mwendo na msichana anayetabasamu. Hayaonyeshi ni nani ataifungua ikizimika njiani Sindeni mvua ikinyesha. Ni mtu kama Kibwana, na hakuna aliyemwita kwenye semina yoyote.

Basi amejiita mwenyewe. Kila Jumatano na Jumamosi anafunga karakana na kwenda Korogwe kwa Isaka, fundi umeme wa pikipiki mwenye miaka 25. Isaka aliwahi kujifunza kazi kwa Kibwana, akafukuzwa kwa kosa la kuleta mita ya kupimia umeme.

"Aliniambia, hapa hatupimi, hapa tunasikiliza," anasema Isaka. Kisha anapaza sauti: "Mzee! Mikono mfukoni! Tunapima kwanza!"

"Sawa, mwalimu," anaitikia Kibwana, na kweli anatia mikono mfukoni.

Jumamosi hii Fabiani anafika kwa Isaka, Joyceline akiwa nyuma na tenga tupu. Pikipiki imeanza kuzima tena.

"Leo ipime wewe, mzee," anasema Isaka.

Fabiani hatoi ufunguo. "Isaka, ungeishika wewe, kaka."

Kibwana anainamisha macho. Ni Joyceline anayeuchukua ufunguo mkononi mwa mumewe na kumpa fundi.

"Tuko hapa, tunaangalia," anasema.

Kibwana anauliza inazima ikiwa ya moto au ya baridi. Anapima betri: nzuri. Anapima waya wa pampu: mzuri. Anagusa soketi moja moja, akitaja jina la kila moja kabla ya kuigusa. Nusu saa inapita. Anafika kwenye kompyuta chini ya kiti, anaitazama kwa muda, kisha anaweka mita chini.

"Mbona umeacha?" anauliza Fabiani.

"Kwa sababu kuanzia hapa sijui."

Isaka anachuchumaa karibu yake, na wanaendelea pamoja mpaka wanaona waya wa sensa, ule unaopeleka taarifa kwenye kompyuta, umechunika. Pikipiki inawaka. Fabiani anaipandisha kilima cha jirani mara mbili na kurudi, haizimi.

Kibwana anapanga kununua mita yake mwezi ujao, na mwakani kifaa cha kusomea kompyuta hizo. Lakini analomwambia Fabiani, akiuchomoa ufunguo na kumrudishia, ni jingine.

"Mdogo wangu, Kipanga mpya zikifika Handeni nitakuwa nimejifunza. Na itakayonishinda nitaifunga kama nilivyoikuta, nimwambie mwenye pikipiki kwamba sijui, nimlete hapa mimi mwenyewe. Nakuahidi, mkeo akisikia."