Mkaguzi wa Mizani na Bakuli la Viazi

Kwa miaka thelathini na moja Mkaguzi alipita masokoni na mawe yake ya mizani mkobani, akiwatia adabu wachuuzi. Hakuna kilichompandisha hasira kama muuza nyama anayepima nyama pamoja na sinia. "Mteja atatafuna sinia?" alikuwa akiuliza huku anaandika faini. Yeye alijiona mtu wa haki, wenzake walimwona msumbufu, na wote walisema kweli.

Mkewe alipofariki, ikabainika kwamba bingwa huyu wa gramu hakujua hata kukaanga kitunguu. Miezi minne alishindia mkate na chai, akakonda, suruali ikawa inaning'inia. Binti yake akakata shauri: Jumapili atakuja kula, na akikuta jiko limepoa anamfungia mizigo, wanaondoka wote. Akaishi kwa mkwe! Yule bwana anayekula amejilaza kwenye kochi! Mkaguzi aliona heri kulala stendi.

Basi akamwendea jirani yake, mshonaji, amfundishe chakula kimoja tu cha mtu anayeishi peke yake.

"Panga viazi na nyama ya kusaga tabaka tabaka, mwagia maziwa, funika, tia kwenye oveni. Chumvi kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi chake, mzee wangu. Si unaonja?"

Mkaguzi alirudi nyumbani akisonya. Ndivyo watu wanavyoishi, kwa kubahatisha, halafu wanashangaa mambo kuharibika. Yeye aliamua gramu kumi kwa kila kilo, basi. Jumapili akapanga vitu vyake kwenye bakuli zito la udongo, akalipandisha kwenye mizani, akapiga hesabu, akatia chumvi. Kuonja hakuonja. Hiyo ni kazi ya wasiojua hesabu.

Binti alimeza kijiko cha kwanza. Cha pili kikamtoa machozi, akakimbilia maji.

"Kitamu, Baba."

Mkaguzi akaonja, na papo hapo akajua. Aibu ikampanda hadi masikioni. Lakini kilichomchoma zaidi ni kuonewa huruma.

"Usinidanganye, mwanangu. Hakiliki. Nimepima pamoja na bakuli!"

Binti akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyanyuka kumenya viazi vingine.

"Kaa chini," baba akafoka. Akamenya mwenyewe. Chumvi akaichota kwa vidole, uso umekunjamana kama mtu anayesaini hati ya uongo. Akaonja maziwa ya kumwagia, akaongeza, akaonja tena. Wakasubiri oveni saa nzima.

Safari hii binti aliomba kuongezwa, akafuta sahani kwa mkate. Kisha akachukua mkoba wake.

"Baki kwako, Baba. Unajiweza."

Ameshinda! Mkaguzi akafunga mlango, akarudi mezani amejaa majigambo, na hapakuwa na mtu wa kuyasikia. Bakulini kilibaki chakula cha watu wanne. Akavuta kiti, akajipakulia, akajikuta anatamani binti yake angemkatalia kubaki.