Fundi aliyejifunza kukata koti kwa mchoro wa bure

Saa mbili asubuhi, fundi yuko chini, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mbele yake kuna karatasi ishirini na nane za kawaida, zile za kuchapia barua, na kila moja ina mistari inayoanzia popote na kuishia popote. Anapaka gundi ukingo wa karatasi moja, anaulaza juu ya ukingo wa nyingine, anabana kwa kiganja na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Kisha anachukua ya tatu.

Anayepita nje anaweza kudhani anafunika madaftari ya watoto. Ikifika saa nne, karatasi hizo zitakuwa koti la suti: mgongo, vifua viwili, mikono miwili na kola.

Mkononi, pale pa kuvalia saa, ana utepe wa mpira ulioshonewa sumaku, na pini zimejazana juu yake kama sisimizi kwenye sukari. Kifaa hicho alikiona mtandaoni, kinauzwa nchi za mbali. Alikitazama siku mbili, halafu akabomoa redio yake mbovu.

"Niliona jamaa ananiuzia sumaku ya spika yangu mwenyewe," anasema.

Ana umri wa miaka arobaini na sita na aliachia shule darasa la sita. Mtaani wanamwita Fundi Mtandao, na si wote wanaolitamka jina hilo kwa heshima.

Koti analolitengeneza ni la karani wa mahakama anayestaafu. Ijumaa ataagwa kazini. Kitambaa amenunuliwa na binti yake, kipande kimoja cha rangi ya majivu, kinachotosha koti moja tu. Duka kilikotoka limeishiwa. Mkasi ukipotea njia, hakuna kingine.

Kuna jambo zito zaidi. Nyumbani, fundi na mkewe wamekubaliana kwamba koti hili likikataa kukaa, shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, atarudi kibandani kwa masharti yake. Jina lake litaandikwa mlangoni, yeye atakata, na fundi atarudi kwenye cherehani na kufunga mdomo.

Kwa miaka kumi na saba mambo yalikuwa hivyo hivyo. Shemeji alikata, fundi akashona. Wateja walidhani wote wawili ni mafundi kamili, lakini fundi hakuwahi kuona koti likichorwa hata mara moja. Kila shemeji alipotandika kitambaa mezani, alimtuma sokoni kununua uzi.

"Tulikuwa na uzi wa kufunga mji mzima," anasema. "Ninarudi, nakuta nguo imeshakatwa, karatasi imechanwa. Nikiuliza, ananiambia shona, shemeji, kila mtu na fungu lake."

Mwaka jana shemeji alipata kazi kwenye duka kubwa la nguo upande wa pili wa soko. Alichukua mkasi wake na rula yake ya mbao, akaaga. Kutoka nguo mpya kumi na mbili kwa wiki, kibanda kilishuka hadi nguo mbili tatu. Kilichobaki ni kubadili zipu na kupunguza suruali za watu waliokonda. Aliyetaka gauni aliambiwa arudi mwezi ujao, na fundi alikuwa anajua kwamba mwezi ujao hatakuwa na jipya la kumwambia.

Hapo ndipo alipoanza kushinda kwenye simu. Alitafuta namna ya kukata suruali, akaangukia tovuti ya mtu asiyemjua, ambaye kila siku huwaonyesha wasomaji wake vitu alivyovifukua mtandaoni: tovuti yenye manufaa, programu isiyouzwa, na kifaa cha ajabu cha kuchekesha. Kiingereza cha fundi ni cha kuokoteza, kwa hiyo aliyapitisha maneno kwenye tovuti nyingine ya kutafsiri, nayo ni ya bure. Akawa anaisoma kila siku na chai ya saa nne, kama wengine wanavyosoma habari za mpira.

Si kila alichokipata kilikuwa halali kwa tumbo lake. Aliagiza mkasi wa betri, ukafika baada ya wiki tano, ukatafuna kitambaa cha mteja kama mbuzi. Na ipo siku alipakua kitu kilichoandikwa "bure" kwenye kompyuta ya jirani yake, dada mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Kutwa nzima kompyuta ile ilifungua matangazo ya kamari mbele ya wateja, wakiwemo watawa wawili waliokuja kuchapisha ratiba ya sala.

Dada alimpiga marufuku wiki mbili. Alipomruhusu tena, aliweka sharti: fundi asibonyeze chochote kabla yeye hajakiona.

"Huyu kaka akiona neno bure, akili yote inahamia kwenye kidole," anasema dada huyo. "Lakini ana jicho. Katika takataka kumi, anaokota moja ambayo hata mimi niliyesomea kompyuta nisingeiona."

Hiyo moja ilikuwa programu ya kuchora nguo. Unaiandikia vipimo vya mwili, nayo inachora vipande vyote, unavichapa kwenye karatasi na kuviunganisha. Imetengenezwa na watu wanaojitolea. Fundi alizunguka humo mchana mzima akitafuta mahali pa kulipia, asije akafuatwa baadaye. Hakupaona.

Wiki ya kwanza alikata suruali ya mkewe, ikakaa vizuri. Akachangamka kupita kiasi. Akapokea kazi ya makoti meupe kumi na manane ya wafanyakazi wa maabara, akachapa, akatandika kitambaa kwa mafungu na kukata yote siku moja.

Siku ya kuyapeleka, mama wa kwanza alivuta vifungo, havikukutana. Wa pili hivyo hivyo.

"Fundi," aliuliza wa tatu, "ulitupima sisi au uliwapima watoto wetu?"

Kosa lilikuwa dogo la kukera. Safari hii mashine ya kuchapia ilikuwa imeupunguza mchoro kidogo ili uenee kwenye karatasi, na kile kidogo, kikizunguka mwili mzima, kilikula vidole vinne. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na kimraba cha sentimita tano cha kupima kwa rula kabla ya kukata. Kimeandikwa hivyo kwa Kiingereza.

"Mimi nilidhani ni pambo," anasema fundi, na hacheki.

Makoti sita yalipata watu wembamba wa kuyavaa. Kumi na mawili aliyarudia kwa kitambaa chake mwenyewe, na ili kukipata aliuza cherehani ya pili. Ndipo mkewe aliposema sasa basi, kaka yake aitwe. Fundi aliomba kazi moja tu ya mwisho. Karani alikuja kesho yake.

Karani ana bega la kushoto lililoshuka. Lilivunjika akiwa kijana, likaunga vibaya. Shemeji, kama mafundi waliomtangulia, alikuwa akilijaza pamba mpaka lilingane na la pili, na mzee akashinda mahakamani na mto begani, jua liwe kali vipi.

Fundi alimpima upande mmoja mmoja, kushoto peke yake na kulia peke yake, akaiandikia programu mabega mawili tofauti. Kwanza alishona koti la majaribio kwa shuka kuukuu. Likavuta kwapani. Akarekebisha, akashona shuka la pili, likatulia.

Leo ni zamu ya kitambaa chenyewe. Saa nne na robo mchoro uko juu ya meza, umebanwa kwa pini. Fundi anafuta mikono kwenye suruali. Anazunguka meza. Anapima tena alichokipima jana. Kisha anaingiza mkasi, na kibandani hakusikiki kitu ila mlio wake mpaka upande wa mgongo unapoisha.

Alhamisi saa tisa alasiri, karani anakuja kujaribu. Mke wa fundi naye amekuja. Amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa shahidi.

Mzee anaingiza mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Anafunga kifungo. Anajitazama kwenye kioo, anageuka ubavu, anajitazama tena. Fundi anatafuta kazi ya kufanya na vidole vyake.

Mzee anainua mkono polepole, analipapasa bega la kushoto.

"Pamba iko wapi?"

"Hakuna pamba, mzee."

"Hakuna?"

"Hilo ni bega lako. Koti ndilo limelifuata."

Karani anaendelea kulishika bega lake. Bado limeshuka, yeyote ataliona, lakini koti limelala juu yake bila mkunjo, na kola imekaa shingoni kama ilivyotakiwa. Anasema kwamba miaka ishirini na miwili amevaa mwili wa mtu mwingine kwenda kazini, na kesho anaagwa akiwa na wa kwake. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa mahakama, anatoa hoja ya pili: mkono wa kulia umezidi urefu.

Umezidi kweli, unene wa kidole. Fundi anaufumua na kuupandisha papo hapo, mzee akisubiri na shati lake.

Mke wa fundi anainuka anapoona mzee amelipia na kuondoka. Anauvuta ukingo wa kitambaa kilichobaki mezani, anauachia.

"Nitamwambia kaka abaki huko huko," anasema. "Lakini cherehani ya pili irudi, mume wangu. Hiyo hatujaimaliza."

Fundi anakubali. Anataka pia kusogeza meza ya kukatia ikae mlangoni, kila anayetaka aone. Wanawake wawili wanaoshona viraka sokoni wameshaomba kuja Jumamosi.

Na kuna kazi aliyoianza na dada wa kopi, mchana wateja wanapopungua. Wanayaandika upya maelekezo ya ile programu kwa Kiswahili, wawarudishie walioitengeneza wayaweke pamoja na ya lugha nyingine. Sehemu zake ni mia mbili na kumi na mbili. Wamefika ya thelathini na tisa, na mara mbili wamegombana mpaka wakanuniana.

Anayemuuliza atalipwa nini anajibiwa na mtu aliyekwisha kugeukia cherehani yake.

"Nimekula kwa watu mwaka mzima bila kutoa senti. Angalau nisaidie kuosha vyombo."